Uliza Ujibiwe: Silia za hisi kwenye neva za mnyoo

Safari hii tumekusanya maswali yanayohusu mnyoo mviringo mmoja, Caenorhabditis elegans, na sehemu moja ya mwili wake: silia zilizo kwenye ncha za neva za hisi. Ni mnyoo wa urefu wa milimita 1, anayeishi kwenye matunda na majani yanayooza, na hamdhuru mtu wala mfugo. Wengi walioandika wako maabara au wanafundisha, kwa hiyo vipimo tumevitoa kamili.

Shuleni tulifundishwa kwamba silia ni vinyweleo vinavyopiga kama makasia, mfano vile vya njia ya hewa vinavyosukuma makohozi. Sasa nasoma kwamba mnyoo huyu ana silia kwenye neva, na hazitikisiki kabisa. Zina kazi gani basi? (Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Dodoma)

Ulichofundishwa ni kweli, ila kinahusu aina moja tu ya silia. Aina ya pili haipigi. Kazi yake ni kupokea habari kutoka nje ya seli, na mnyoo huyu ana za aina hiyo peke yake. Hana silia inayopiga hata moja mwilini. Hata mbegu za dume hazina mkia, hutambaa kama amiba.

Huntha (mnyoo mwenye mayai na mbegu za kiume kwa pamoja) aliyekomaa ana neva 302, na 60 kati ya hizo zina silia. Neva ya namna hii hutoa uzi mrefu, dendraiti, unaokwenda hadi karibu na pua, na silia hukaa kwenye ncha ya uzi huo. Kundi kubwa zaidi ni amfidi, viungo viwili vilivyo kulia na kushoto kwa mdomo. Kila amfidi ina neva 12 na seli mbili za glia, yaani seli zinazozisaidia neva: glia ya ala, inayozifunika ncha za dendraiti, na glia ya tundu, inayofungua njia kwenye kutikula (gamba la nje la mwili) hadi nje. Neva 8 kati ya 12 hupitisha silia zao ndani ya njia hiyo zikagusa ulimwengu moja kwa moja: ASE, ASG, ASH, ASI, ASJ na ASK zenye silia moja moja, na ADF na ADL zenye mbili mbili. Zinazobaki zimejificha ndani ya glia ya ala. AWA, AWB na AWC ni za harufu, na silia zao zimetanuka zikawa na matawi au mabapa. AFD ni ya joto; ncha yake imezungukwa na vidole vingi vidogo sana. Mkiani kuna viungo vingine viwili, fasmidi, vyenye neva PHA na PHB.

Kinachohisi hasa ni utando wa silia. Humo hupangwa protini za vipokezi, kila neva na vyake. Mwaka 1996 maabara ya Cornelia Bargmann huko San Francisco ilionyesha kwamba kipokezi ODR-10, kilichopo kwenye silia za AWA, ndicho kinachonasa diasetili, ile kemikali inayoipa siagi harufu yake. Neva ya ASE huonja chumvi. ASH ni ya hatari: maji yenye chumvi au sukari kali, kemikali za kuchoma, na kugongwa pua. ASI na ADF husoma feromoni za minyoo wenzake na kuamua kama lava aendelee kukua au ageuke daua, yaani lava asiyekula, mwenye kutikula nene, anayeweza kusubiri miezi kadhaa hadi chakula kipatikane.

Kipokezi kikishanasa kemikali yake, milango ya chaji (protini zinazopitisha chembe zenye umeme kwenye utando) hufunguka au hufungwa. Katika ASE, AWC na AFD milango hiyo ni TAX-2 na TAX-4, inayoendeshwa na cGMP, molekuli ndogo ya ishara ndani ya seli. Katika ASH na AWA ni OSM-9 na OCR-2. Shika tofauti hiyo, kwa sababu mnyoo anaweza kuwa na silia nzima kabisa na bado asinuse kitu kwa vile mlango wa chaji umeharibika. Tutairudia hoja hii kwa msomaji wa Morogoro.

Seli inajengaje kitu hicho mbali namna hiyo na kiini chake? Na hujengwa lini, kabla ya yai kuanguliwa au baadaye? (Mwalimu wa biolojia, Kisumu)

Kabla, mwalimu. Kwenye nyuzi 22 za Selsiasi yai huchukua saa 14 hivi tangu kutungishwa hadi kuanguliwa, na lava hutoka na amfidi zinazofanya kazi.

Ujenzi huanza na dendraiti, na hapa wanafunzi wako watashangaa: ncha ya dendraiti haisafiri kwenda puani. Neva huzaliwa karibu na pua, ncha yake hunatishwa palepale, kisha mwili wa seli ndio unaorudi nyuma na kuuacha uzi ukirefuka. Kinachoinatisha ncha ni protini mbili zinazomwagwa nje ya seli, DYF-7 na DEX-1, kama Maxwell Heiman na Shai Shaham walivyoonyesha mwaka 2009. DYF-7 ikikosekana, ncha hung'oka, seli huondoka nayo, na dendraiti hubaki fupi. Mnyoo huyo hatapokea rangi ya majaribio (rangi ing'aayo inayoingia kwenye neva kupitia silia zake, tutakayoieleza kwa msomaji wa Morogoro), lakini kosa lake si la silia. Ni la kamba iliyokatika.

Ncha ikishatulia, sentrioli, kijisehemu cha seli chenye umbo la pipa, husogea hadi hapo na kuwa kitako cha silia. Katika wanyama wengi kitako hicho hudumu. Katika mnyoo huyu sentrioli huvunjika baada ya silia kuanza kusimama, yakabaki masalia. Anayetazama picha za hadubini ya elektroni za mnyoo mzima akitafuta sentrioli kamili asidhani sampuli yake imeharibika.

Juu ya kitako linafuata eneo la mpito, la urefu wa kama mikromita 1, lenye mikrotubuli (mirija midogo ya protini) pacha 9 zilizofungwa kwenye utando kwa viungo vyenye umbo la herufi Y. Hili ndilo lango: huamua protini gani iingie na ipi ibaki nje. Protini zake ziko katika makundi mawili makubwa, MKS na NPHP. Ukiharibu jeni moja ya kundi moja, mara nyingi mnyoo huonekana mzima. Ukiharibu moja kutoka kila kundi kwa pamoja, silia huharibika waziwazi. Ndiyo maana anayechunguza jeni hizi hatoshelezwi na mutanti, yaani mnyoo aliyeharibika jeni, wa jeni moja.

Baada ya lango kuna kipande cha kati, mikromita 4 hivi, chenye mikrotubuli pacha 9, halafu kipande cha ncha, mikromita 2.5 hivi, ambamo kila pacha imebaki mrija mmoja. Silia haitengenezi protini ndani yake. Kila kitu hutengenezwa kwenye mwili wa seli, husafirishwa kwenye dendraiti, kisha hupandishwa ndani ya silia hadi juu, kama matofali ya ghorofa yanayopandishwa kwa winchi, maana ujenzi hufanyika kileleni. Usafirishaji huo huitwa kwa Kiingereza intraflagellar transport, kwa ufupi IFT, na uligunduliwa mwaka 1993 kwenye mwani wa Chlamydomonas katika maabara ya Joel Rosenbaum, Chuo Kikuu cha Yale.

Kwa mnyoo, wapandishaji ni protini mbili zinazotembea juu ya mikrotubuli. Kinesini-II peke yake hukimbia mikromita 0.5 kwa sekunde. OSM-3 peke yake 1.3. Kwenye kipande cha kati hubeba mzigo mmoja pamoja, na mwendo wao huwa 0.7, kila mmoja akimvuta au kumchelewesha mwenzake. Kinesini-II huishia hapo. OSM-3 huendelea peke yake hadi ncha, kwa 1.3. Vipimo hivi vilitoka kwenye maabara ya Jonathan Scholey, Davis, California, mwaka 2004. Kushusha mzigo ni kazi ya dainini, protini nyingine ya kutembea, ambayo kipande chake kikuu ni CHE-3, kwa mwendo wa zaidi kidogo ya mikromita 1 kwa sekunde.

Ukijua mgawanyo huo unaweza kusoma kosa kwa kutazama umbo. OSM-3 ikikosekana, kipande cha ncha hakipo na cha kati kipo. Kinesini-II ikikosekana, OSM-3 huziba pengo na silia huonekana kamili. Zikikosekana zote mbili, hakuna kinachojengwa juu ya lango. CHE-3 ikiharibika, mizigo hupanda bila kushuka, na silia huwa fupi, iliyovimba kwa shehena iliyokwama. OSM-5 au OSM-6 zikikosekana, ambazo ni sehemu za mzigo wenyewe, kinabaki kisiki. Jeni daf-19 iko juu ya zote: huwasha jeni za silia kwa kushika mfuatano mfupi wa DNA uitwao X-boksi ulio mbele ya jeni hizo, na mnyoo asiye nayo hana silia kabisa.

Kuna jambo moja linalotupa matumaini kila tunapolifikiria. Mwaka 1999 watafiti wa Japani walichukua mutanti wa che-2, mwenye silia fupi, wakaiwasha jeni nzima ya che-2 alipokwisha kukomaa. Silia zilirefuka na uwezo wa kuhisi ukarudi. Kumbe dirisha la ujenzi halifungwi lava anapoanguliwa.

Najaribu kuwajaza rangi minyoo kwa ajili ya tasnifu ya shahada ya pili. Karibu nusu ya N2 wangu, ambao ni wazima, hawaonyeshi neva yoyote. Wengine utumbo wote unang'aa. Nakosea wapi? (Mtafiti mwanafunzi, Morogoro)

N2, kwa wasiomjua, ni aina ya kawaida iliyotokana na mnyoo wa Bristol, Uingereza. Karibu wote wanapaswa kujaa. Usiendelee na mutanti yeyote hadi N2 watulie. Kwanza tunaandika utaratibu, halafu makosa.

Tengeneza akiba ya DiI (rangi nyekundu ing'aayo) ya miligramu 2 kwa mililita 1 ya DMF (kiyeyusho). Ifunike kwa karatasi ya alumini na uihifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Siku ya kazi, chukua mikrolita 5 za akiba uweke kwenye mililita 1 ya M9 (maji ya chumvi ya kuoshea minyoo), upate mikrogramu 10 kwa mililita. M9 ya lita 1 ni gramu 3 za KH2PO4, gramu 6 za Na2HPO4, gramu 5 za NaCl, na mililita 1 ya MgSO4 ya 1 M inayotiwa baada ya otoklevu. Osha minyoo kutoka kwenye sahani kwa M9, waache wazame kwa uzito wao au uwazungushe polepole kwenye sentrifuji, umwage maji, urudie hadi maji yasiwe na ukungu wa bakteria. Watie kwenye rangi kwa saa 1 hadi 2, gizani, tyubu ikilala ubavu na kutikiswa taratibu. Osha mara 2 au 3. Kisha uwaachie watambae kwenye sahani mpya yenye bakteria OP50 kwa saa 1. Watazame kwenye kipande cha agarozi ya asilimia 2, kwa kichujio kilekile kinachotumika kwa rodamini.

Unachotafuta ni neva 6 kila upande wa kichwa: ADL, ASH, ASI, ASJ, ASK na AWB. Mkiani ni PHA na PHB kila upande. Miili ya seli itaonekana kama shanga nyekundu kando ya koo, na kutoka kila shanga uzi mwembamba unakwenda mbele hadi puani. ASE na ASG zina silia zilizo wazi, ila DiI haziijazi. Usiziandike kwamba zimekufa. Ukitumia FITC, rangi ya kijani, AWB haijai na ADF hujaa.

Sasa makosa, tukianza na linalotokea zaidi. DiI haipendi maji. Ukiidondosha kwenye M9 iliyotulia hujikusanya ikawa chembe, na chembe haziingii amfidi. Itikise akiba vizuri, iingize kwenye M9 huku ukiizungusha kwa kasi, na utazame tone moja kwenye hadubini kabla ya kutia minyoo. Ukiona punje nyekundu zinazoelea, tengeneza upya. Akiba iliyoachwa mezani kwenye mwanga au iliyoyeyushwa na kugandishwa mara nyingi haifai.

Utumbo unaong'aa ni rangi iliyomezwa. Dawa yake ni ile saa 1 ya kutambaa kwenye OP50: chakula kipya husukuma rangi nje. Wakibaki hivyo, waongezee nusu saa. Kumbuka pia kwamba utumbo wa mnyoo una mng'ao wake wa asili, unaoonekana zaidi kwenye kichujio cha kijani kuliko chekundu; ndiyo sababu tunamshauri anayeanza atumie DiI badala ya rangi za kijani kama DiO au FITC.

Mnyoo anayeng'aa mwili mzima amekufa au amejeruhiwa. Mtoe kwenye hesabu. Minyoo wenye njaa, au waliotoka kwenye sahani yenye ukungu, hutoa matokeo yasiyoaminika. Lava daua usiwachanganye kabisa, maana kutikula yao ni nene na mdomo umezibwa. Chagua L4 (lava wa hatua ya nne, ya mwisho) na waliokomaa wa siku ya kwanza. Tyubu ikisimama wima minyoo hurundikana chini, wa chini hukosa hewa, na huenda nusu yako inayokosa rangi imetoka hapo.

Halafu joto la chumba. N2 hutunzwa kati ya nyuzi 15 na 25. Katika chumba kisicho na kiyoyozi mnamo Januari au Februari, Morogoro, hilo hupitwa kwa urahisi; uzazi hushuka, na kwenye nyuzi 27 baadhi ya mutanti hugeuka daua kwa wingi. Kama huna kabati la baridi la kuoteshea, tafuta friji ndogo inayoweza kuwekwa nyuzi 20 na uweke kipimajoto ndani, usitegemee namba za kwenye kitufe.

Kila siku ya kazi tia tyubu tatu: N2, mutanti wako, na osm-6(p811), ambaye hajazwi. N2 wakikosa rangi, tatizo ni rangi. Osm-6 wakiipata, umechanganya tyubu au sahani imechafuliwa na aina nyingine. Bila hao wawili matokeo yako hayamwambii mtu kitu. Mwenzako afiche majina ya tyubu kabla hujahesabu.

Onyo moja la hadubini. Sodiamu azidi ya 10 mM inatosha kuwatuliza minyoo kwa picha ya rangi. Ila ikiwa unataka kupiga filamu ya IFT kwa protini zilizounganishwa na GFP (protini inayong'aa kijani), usiitumie: azidi huzima nishati ya seli na mizigo husimama. Tumia levamisoli ya 10 mM. Na azidi ni sumu kali. Usiimwage kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, na usiichanganye na asidi.

Rangi ikiingia, naweza kuandika kwamba silia zinafanya kazi? (Mtafiti huyohuyo)

Hapana, na hili ndilo kosa linalotusikitisha zaidi katika ripoti za wanafunzi. Rangi inakuambia njia iko wazi na silia imefika mahali pake. Haikuambii kwamba neva inahisi. Mutanti wa tax-4 au wa osm-9 wana silia na hujaa rangi, lakini wa kwanza hanusi harufu za AWC na wa pili hakimbii hatari za ASH. Lazima umjaribu mnyoo kwa tabia.

Kwa harufu, tumia sahani ya petri ya sentimita 10 yenye aga isiyo na chakula. Upande mmoja weka mikrolita 1 ya diasetili iliyozimuliwa kwa ethanoli mara 1,000, upande wa pili ethanoli tupu mikrolita 1. Kila upande tangulia na mikrolita 1 ya azidi ya 1 M, ili mnyoo akifika asitoke. Minyoo 100 hadi 200 waliooshwa mara 3 wawekwe katikati, na unyonye maji yaliyobaki kwa kona ya karatasi laini. Maji yakibaki, wanaogelea mle mle na saa inaisha. Baada ya dakika 60 hesabu: waliofika kwenye harufu, toa waliofika kwenye ethanoli, gawa kwa jumla. Jibu liko kati ya 1 na −1. Harufu isiwe kali mno: bensaldihidi isiyozimuliwa huwafukuza minyoo wale wale wanaoifuata ikiwa imezimuliwa mara 200.

Kwa ASH, chora duara la gliseroli ya 8 M kwenye aga, uweke minyoo ndani, usubiri dakika 10. N2 hufika kwenye ukingo, hurudi nyuma, hugeuka. Mutanti wa osm hulivuka kana kwamba hakuna kitu, na jina lao lilitoka kwenye jaribio hilo.

Mwisho, chukua unywele wa ukope uliogundishwa kwenye kijiti na umguse mnyoo taratibu ubavuni, nyuma ya kichwa. Neva 6 zinazohisi mguso huo mwepesi hazina silia, kwa hiyo mutanti wa silia anapaswa kurudi nyuma kama N2. Asiporudi, ana tatizo jingine, pengine la misuli au la neva za mwendo, na hesabu zako za harufu hazina maana hadi ulijue.

Mnyoo asiye na silia anaishije? (Msomaji, Mombasa)

Anaishi vizuri maabara, kwa sababu chakula kiko chini ya pua yake na hakuna adui. Mutanti wengi wa silia huzaa na kula. Mwaka 1999 Javier Apfeld na Cynthia Kenyon walionyesha kwamba baadhi yao huishi muda mrefu kuliko N2, na kwamba sehemu kubwa ya nyongeza hiyo hupitia DAF-16, protini iliyo chini ya njia ya ishara za insulini. Porini, tofauti na kwenye sahani, mnyoo asiyejua chumvi, harufu wala joto hana pa kukimbilia.

Mbuzi tunaowatibu kwa ivermectin hawaponi kama zamani. Nimesikia kwamba silia zinahusika. Ni kweli? (Afisa mifugo, Arusha)

Kuna ukweli ndani yake, ila usiubebeshe mzigo wote. Ivermectin hufungua milango ya kloridi inayoendeshwa na glutamati kwenye neva na koo la mnyoo, naye hupooza. Kwa C. elegans imethibitishwa kwamba mutanti wengi wasiojaa rangi huhimili dawa hiyo kuliko N2, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba njia ya amfidi ni mojawapo ya milango ambayo dawa hupita. Mwaka 2003 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba Haemonchus contortus sugu, yule mnyonya damu wa tumbo la nne la mbuzi na kondoo, walikuwa na amfidi zenye kasoro na silia fupi.

Lakini usugu una njia nyingi, na zizini huwezi kuipima silia. Pima mayai kwenye kinyesi siku ya dawa na siku ya 14 baadaye, kwa mbuzi wale wale. Upungufu wa mayai ukiwa chini ya asilimia 95, una usugu au dozi haikutosha. Hakikisha kwanza dozi: wapime mbuzi kwa mizani au utepe, usikadirie kwa macho, na kumbuka kwamba mbuzi huivunja dawa mwilini haraka kuliko kondoo. Usiwape wote dawa kwa siku moja kila mara. Watibu wale ambao utando wa ndani ya kope zao ni mweupe, dalili ya kupungukiwa damu, na waliobaki waache, ili minyoo wanaokufa kwa dawa waendelee kuchanganyika na wale sugu.

Ivermectin hiyohiyo, pamoja na albendazoli, ndiyo inayogawiwa watu Tanzania dhidi ya matende. Kwa hiyo swali la namna mnyoo anavyojifunza kuihimili ni letu sote, si la wafugaji peke yao.

Ndugu yangu ana figo zilizojaa vifuko vya maji, na daktari alitaja silia. Mnyoo asiye na figo anatufundisha nini? (Msomaji, Tanga)

Pole kwa ugonjwa wa nduguyo. Karibu kila seli ya mirija ya figo ya binadamu ina silia moja isiyopiga, inayochungulia ndani ya mirija. Ugonjwa unaourithiwa zaidi wa vifuko vya figo hutokana na jeni PKD1 au PKD2. Mwaka 1999 Maureen Barr na Paul Sternberg, huko California, walikuta kwamba jeni za mnyoo zinazofanana na hizo, lov-1 na pkd-2, zinafanya kazi kwenye neva zenye silia za dume. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba panya mwenye figo za vifuko alikuwa na hitilafu kwenye jeni ileile inayoitwa osm-5 kwa mnyoo: jeni ya IFT. Hapo ndipo madaktari wa figo walipoanza kuitazama silia, ambayo kwa miongo mingi ilidhaniwa masalia yasiyo na kazi.

Hili si tiba, na mnyoo hatampunguzia nduguyo vifuko. Kinachomsaidia leo ni presha kudhibitiwa kwa ukaribu, figo kufuatiliwa kwa altrasaundi na vipimo vya damu, na ndugu wa damu kupimwa, kwani mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi.

Kwa walio maabara wanaotaka kuliona jambo hili kwa macho yao: dume mzima wa N2 akimgusa huntha hubandika mkia, hurudi nyuma akiupapasa mwili, hugeuka akifika mwisho, na husimama mkia unapokuta uke. Dume wa lov-1 mara nyingi hajibu mguso huo; akijibu, mkia huupita uke bila kusita na kuendelea kuzunguka. Silia zake zina umbo la kawaida. Kilichokosekana ni protini za kuhisi ndani yake. Madume ni adimu, chini ya 1 kati ya 500 kwenye sahani ya kawaida; waweke L4 huntha 10 kwenye nyuzi 30 kwa saa 4 hadi 6 uwapate kwenye uzao unaofuata, au tumia aina ya him-5, ambayo theluthi moja ya watoto wake ni madume. Watenge madume wakiwa L4, usiku mmoja, mbali na huntha, kabla ya kuwajaribu.